Tuta la zamani la Mkondoa linavuja chini. Tulipandishe, au pesa iende wapi?

MamaShamba, Kilosa
11 Agosti

Wakulima wenzangu, salaam. Shikamooni wakubwa. Naomba ushauri kabla ya Jumamosi ya wiki ijayo, maana siku hiyo kikundi chetu kinakaa kikao cha mwisho na mimi ndiye mtunza hazina. Nikishazitoa pesa, zimetoka.

Nalima bondeni Kilosa, chini ya mji, upande wa kuelekea Kimamba. Nina ekari tatu, mbili za mpunga na moja ya mahindi na kunde. Kati ya shamba langu na mto Mkondoa kuna tuta la udongo. Ni la zamani. Baba mkwe wangu alikuja huku akiwa kijana kukata mkonge, akalikuta, na wazee aliowakuta walimwambia nao wamelikuta. Kipande kinachotulinda sisi ni kama mita 300. Nimepima kwa kamba mahali palipo pazima: kimo mita mbili na nusu, na juu mgongoni upana mita mbili.

Mvua inayotutisha si ya kwetu. Mto huu huko Dodoma unaitwa Kinyasungwe, unapita Gulwe na Kidete, unateremka milimani na kutufikia ukiwa umeshabadili jina na tabia. Jua linawaka Kilosa, watu wameanika mpunga, mto unakuja umebeba magogo kwa sababu jana ilinyesha Mpwapwa. Mwisho wa Desemba 2009 ulikuja hivyo ukavunja tuta, na Januari 2010 maji yalikuwa bado yanaingia majumbani. Reli ya kati ilikatika. Maelfu ya watu walihamia kwenye mahema. Mimi nilikuwa na mtoto wa miezi saba mgongoni na debe la mbegu ya mahindi kichwani. Maji yalipofika kiunoni niliachia debe, nikamfungua mtoto nikambeba juu ya mabega. Sasa yuko sekondari, ananizidi kimo, na bado mto ukinguruma usiku naamka kwenda kumtazama alivyolala.

Sasa nieleze nililoliona mwaka huu. Mwezi wa nne maji yalipanda yakabakiza kama mita moja kufika mgongoni mwa tuta. Hayakuvuka. Lakini nilipozunguka upande wa shamba nikakuta ubavu wa tuta umelowa, sehemu ya hatua kumi na mbili, kuanzia chini mpaka usawa wa goti langu. Juu pakavu, chini panatoa jasho. Na mbele kidogo, hatua kama sita kutoka tuta, ndani ya mpunga wangu, palikuwa na kijito kinabubujika kutoka ardhini. Kilikuwa kimejijengea kichuguu cha mchanga, duara, na maji yanatoka katikati yakicheza kama uji jikoni. Nilichukua kiroba cha mchanga nikakikandamiza juu. Kikaziba. Baada ya saa moja kikatokea kingine pembeni, kikubwa kuliko kile.

Mto uliposhuka vyote vikakauka, na watu wakasahau. Mimi sikusahau.

Hali nyingine ya tuta ni hii. Kuna kisiki cha mkuyu uliokatwa miaka mingi ubavuni, kimeoza, ukiingiza fimbo inazama. Kuna mashimo ya panya buku. Kuna njia ya ng'ombe iliyolika mpaka mgongo umebonyea kama tandiko la punda. Na upande wa shamba, chini kabisa ya tuta, kuna mashimo matatu makubwa ambako vijana walikuwa wanafyatua matofali.

Kikundi tuko kaya 47. Kila kaya imetoa shilingi 50,000, kwa hiyo nimeshika 2,350,000. Wengi wanataka tukodi greda lisukume udongo wa hapo hapo chini ya tuta lilipandishe nusu mita. Wanasema mto umejaa mchanga, umepanda, kwa hiyo na tuta lipande. Hoja hiyo siwezi kuipinga, maana ni kweli mto umepanda: daraja la miti tulilokuwa tunapita chini yake zamani tukiwa tumesimama, leo unainama. Lakini moyo wangu haujatulia. Maji hayakupita juu. Yalipita chini. Tukilipandisha, hilo la chini litakuwa limepona?

Tuliwahi kupeleka barua kwenye ofisi moja tukiomba mtaalamu aje aone. Tulijibiwa kwa mdomo kwamba tusubiri bajeti. Hiyo ni misimu miwili iliyopita.

---

Kijana wa Shambani
11 Agosti

Pole sana mama. Mimi nipo Kimamba, shamba letu nalo liliingiwa. Kwa maoni yangu pandisheni tu. Maji yakikuta ukuta mrefu yanatafuta njia nyingine. Na hilo la kububujika si chemchemi ya kawaida tu? Bondeni maji ya chini yako karibu.

---

FundiMatuta
12 Agosti

Marahaba mama. Nimefanya kazi ya matuta na mifereji ya umwagiliaji miaka 31, sasa nimestaafu, nalima Mvomero. Kabla sijasema lolote naomba unijibu mambo machache. Yale maji yaliyobubujika yalikuwa masafi au yana tope? Kichuguu kilikuwa kinaongezeka? Na mashimo ya matofali yako umbali gani na mahali ulipokiona?

---

MamaShamba, Kilosa
12 Agosti

Mzee, mwanzoni yalikuwa masafi kabisa, ungeweza kunywa. Siku ya pili yakawa na mchanga wa kijivu, na kichuguu kikawa na upana wa sinia. Na mashimo ya matofali, kwa kweli sikuwahi kuyaunganisha. Nimekwenda leo asubuhi kuangalia: kile kibubujiko kilikuwa kati ya shimo la kwanza na la pili. Hatua tatu tu.

---

FundiMatuta
13 Agosti

Mama, nimesoma jibu lako mara mbili. Nakuomba kwa heshima zote, usitoe hata shilingi moja ya greda mpaka usome hapa, na ukiweza uwasomee wenzako kikaoni.

Ulichokiona si chemchemi. Chini ya mabonde kama hayo ardhi imepangwa matabaka. Juu kuna udongo wa mfinyanzi, tabaka lenye unene wa mita moja, pengine mbili. Chini yake kuna mchanga ambao mto wenyewe uliulaza zamani, kabla ya tuta na kabla yetu. Mto ukijaa, maji yanaingia kwenye ule mchanga kutokea upande wa mtoni, yanapita chini ya tuta, yanasukuma juu upande wa shamba. Ule mfinyanzi ndio kifuniko cha sufuria. Ukiwa mnene na mzito, unayazuia. Mahali palipo pembamba, mvuke unainua kifuniko. Vijana wa matofali walichota kifuniko. Ndiyo maana maji yalitokea kati ya shimo na shimo.

Maji yakitoka masafi, yanapita tu. Yakianza kutoka na mchanga, mchanga ule yameutoa chini ya tuta lako. Yanachimba bomba, kutokea shambani kurudi nyuma kuelekea mtoni, kidogo kidogo, hujui. Siku bomba likifika mtoni, tuta linakaa chini ghafla. Watu husema "maji yamevuka," kwa sababu wakifika wanakuta pameshabomoka na maji yanapita juu. Matuta mengi ya zamani niliyoyaona yamekufa, yalikufa kwa miguu. Kilele kilikuwa kikavu.

Sasa fikiria mpango wa greda. Litasukuma udongo wa wapi? Wa hapo hapo chini ya tuta. Yaani mtalipa pesa zenu kuondoa kifuniko kilichobaki, mita 300 nzima, ili mpate nusu mita ya udongo laini juu. Mwaka unaofuata mto utasimama juu zaidi, utasukuma kwa nguvu zaidi, na chini patakuwa pembamba zaidi. Mama, moyo wako ulikataa na ulikuwa na sababu.

Halafu hesabu. Tuta haliongezwi kimo bila kuongezwa kiuno. Ubavu unatakiwa ulale: kila mita moja ya kimo, mita mbili za kulala, kila upande. Kwa vipimo vyako, tuta la mita mbili na nusu likiwa na mgongo wa mita mbili lina udongo mita za mraba 17.5 ukilikata kama mkate. Likiwa la mita tatu linataka 24. Tofauti ni 6.5, zidisha mita 300, ni meta za ujazo 1,950, hapo bado hujashindilia. Trela la trekta linabeba kama meta tatu za ujazo. Hizo ni safari 650 na zaidi. Kwa milioni mbili na laki tatu na nusu hamfiki hata robo. Mtakachopata ni mgongo mwembamba uliochongoka kama kisogo cha mbuzi, udongo haujashindiliwa, na masika ya kwanza unateleza.

Mashimo ya matofali ni kazi nyingine kabisa, na mnaiweza. Tuseme kila shimo lina mita tano kwa nne, kina mita moja. Matatu ni meta za ujazo 60. Udongo hupungua ukishindiliwa, kwa hiyo mtabeba kama 80. Ni safari 27 hivi za trela. Anzeni hapo.

Namna ya kujaza ndiyo kazi yenyewe. Ondoeni majani, mizizi, takataka na tope lote lililo ndani mpaka mkute ardhi ngumu. Kwatueni chini pakwaruzike ili udongo mpya ushikane na wa zamani. Udongo uchukuliwe mbali. Mimi sikubali chini ya hatua mia kutoka tuta. Uwe na mfinyanzi: lowesha kidogo, uviringishe kiganjani, ukitoka kamba nyembamba kama penseli bila kukatika, unafaa. Ule mweusi wa mbugani uepukeni, hata kama ni rahisi kuupata. Kiangazi unapasuka nyufa za kuingiza mkono. Mwageni tabaka la sentimita 15 mpaka 20, lisizidi, mshindilie, ndipo mmwage jingine. Unyevu wake: bana donge mkononi, liangushe toka usawa wa kiuno. Likivunjika vipande vichache, anza kushindilia. Likiwa unga, nyunyiza maji. Likiganda kama ugali, subiri likauke. Kama hamna rola, tengenezeni vishindilio vya gogo lenye mipini miwili, watu wawili wawili. Ni kazi ya kuchosha. Niliwahi kusimamia wanawake 60 wakishindilia tuta la bwawa kwa mikono, wakiimba, na bwawa lile bado limesimama.

Kisiki cha mkuyu kitoeni chote, mizizi yote iliyooza mfuate mpaka iishe. Kila mzizi uliooza ni bomba tayari. Shimo litakuwa kubwa na litawatisha. Likateni ngazi ngazi pembeni, msiliache na kuta zilizosimama, kisha mjaze kwa tabaka kama nilivyosema. Kazi hii ifanyike sasa mto uko chini, iishe kabla ya vuli. Kamwe msifungue tuta Novemba mkisema mtamaliza wiki ijayo. Mashimo ya panya nayo mfukue mpaka mwisho wake na mshindilie. Kuziba mdomo tu ni kumfungia panya mlango wa mbele.

Ule ubavu uliolowa ni maji yanayopita ndani ya tuta lenyewe. Hapo wekeni uzito upande wa shamba: bega la udongo, upana mita tatu, kimo kama mita moja, urefu upite sehemu iliyolowa hatua kadhaa kila upande. Chini ya bega, kabla ya udongo, lazeni mchanga safi wa mto kisha kokoto, ili maji yatoke yakiwa yameacha udongo nyuma. Hamzuii maji, mnayachuja. Watu wengi hukosea hapa, wanapiga lipu au wanatandika turubai upande wa shamba. Maji yakinyimwa pa kutokea ndani ya tuta yanalijaza mpaka ubavu unaporomoka.

Na kile kiroba ulichokandamiza juu ya kibubujiko. Usijilaumu, kila mtu hufanya hivyo. Siku nyingine kikitokea, kizungushie viroba duara, kama kisima, uache maji yapande humo ndani. Yakipanda, uzito wake unapunguza msukumo wa chini. Endelea kuongeza mstari wa viroba mpaka yatoke masafi, hapo uache. Usizibe kabisa. Lengo ni mchanga usitoke.

Juu pandeni ukoka. Ni mfupi, unashika udongo, na ukitembea unaona kila shimo. Mabingobingo na migomba msipande tutani, vinaficha ugonjwa. Kwenye bega mnaweza kuweka majani ya vetiva, mizizi yake inashuka sana.

Sijagusa upande wa mtoni. Kama kuna kona ambapo mto unakula mguu wa tuta, hiyo inataka mawe, gabioni (vikapu vya waya vinavyojazwa mawe) na mhandisi wa kupima mkondo, na kaya 47 haziwezi. Msitupe pesa huko. Andikeni tena barua, safari hii Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu pale Morogoro, muambatishe picha na vipimo ulivyonipa mimi. Kazi yoyote kando ya mto inataka wawe na habari nayo. Kuna ile sheria inayozuia shughuli za watu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto, hata kama mnatengeneza kitu kizuri.

---

Mnyala wa Budalang'i
13 Agosti

Mama, nakuandikia kutoka Budalang'i, Kaunti ya Busia, Kenya. Huku kwetu mto ni Nzoia, unatoka Elgon na Cherangani, unamwaga Ziwa Victoria, na matuta yake yako pande zote mbili. Yalivunjika mwaka wa 2008, yakavunjika tena 2011. Nimelala kambini mara zote mbili. Kwa hivyo ninaposoma habari ya kichuguu cha mchanga mwili unanisisimka, kwa sababu mama yangu mzazi alikiona kama hicho nyuma ya choo chetu, akatuambia, na sisi vijana tukasema ni kichuguu cha wadudu sungusungu.

Anayosema mzee ni kweli. Nataka kuongeza lile tulilojifunza kwa kuumia. Tuta linataka mtu wa kulitembelea. Kwetu wakati wa mvua kila kipande kilikuja kupewa watu wake, wanatembea upande wa shamba, mchana na usiku, kwa tochi. Kwetu maji hupanda hata usiku. Na tuna redio ya jamii, Bulala FM, inayotangaza mto umefika wapi kabla haujatufikia. Ninyi mtafuteni mtu Kidete au Gulwe mwenye simu. Mlipeni vocha. Mto ukipanda kwake, apige.

La pili ni maji ya ndani. Mwaka wa 2020 ziwa lilipanda kuliko ilivyokuwa imewahi kupimwa, na sisi tuliokuwa nyuma ya tuta zima, lisilovunjika, tulizama vilevile, maana maji ya mvua na ya ziwa hayakuwa na pa kutokea. Angalieni kama kuna kalavati au bomba linalopita chini ya tuta lenu au chini ya reli. Lisafisheni. Mmesikia ya Mai Mahiu, huku Kenya, Aprili 2024: maji yalijikusanya nyuma ya tuta la reli kwa kuwa njia yake ya chini ilikuwa imeziba, likaachia kabla ya alfajiri, makumi ya watu wakafa wakiwa wamelala. Tuta ambalo halikujengwa kuzuia maji likizuia maji ni hatari kuliko mto wenyewe.

---

Jembe na Ng'ombe
14 Agosti

Mimi ni mfugaji, niko wilaya hiyo hiyo. Najua mada kama hizi huishia kwa kusema ng'ombe wapigwe marufuku. Naomba nitangulie. Ng'ombe lazima wanywe na mto uko ng'ambo ya tuta. Mkiweka miiba watapita usiku mahali pengine, na patabonyea mahali pawili badala ya mahali pamoja. Tujengeni kivuko kimoja: udongo ushindiliwe pande zote mbili uwe mteremko mrefu wa taratibu, juu muweke kokoto na mawe, kimo chake kisiwe chini ya tuta. Ng'ombe hapendi kupanda pakali, akipata pa kutembea hapandi pengine. Mama, ukiwa tayari kutuita kikaoni, mimi nitakuja na wazee wetu wawili, na mikokoteni ya punda ya kubebea kokoto tunayo.

---

FundiMatuta
14 Agosti

Jembe na Ng'ombe, hilo la kimo cha kivuko ni kubwa kuliko unavyodhani. Pale palipobonyea ndipo maji yatapita kwanza yakija makubwa, hata kama pengine pote ni pazima. Kabla ya kupandisha tuta lolote, sawazisheni kwanza mabonde yaliyoko mgongoni. Tandiko la punda alilosema mama likijazwa, tuta lote limepanda bila greda.

---

Kijana wa Shambani
14 Agosti

Nafuta nilichosema juzi. Mama, kikao kiko wapi? Nina vijana sita, tutakuja kushindilia.

---

MamaShamba, Kilosa
20 Agosti

Nimerudi kuwapa habari, maana mmenibeba.

Kikao kilikuwa kikali. Mzee mmoja alisema nimeletewa maneno ya mtandaoni na watu wasioijua Mkondoa. Sikubishana. Niliwaomba twende wote tutani, tukaenda watu kama thelathini. Nikaingiza fimbo ya mita moja kwenye kisiki cha mkuyu. Ikazama yote, nikaiachia, haikurudi. Halafu nikawaonyesha mashimo ya matofali na pale kibubujiko kilipokuwa. Mchanga wa kijivu bado upo, umekauka, unatofautiana kabisa na udongo wa shamba. Yule mzee aliinama akauchukua, akausugua vidoleni, akasema huu ni mchanga wa mtoni. Akanyamaza muda mrefu. Mashimo mawili kati ya yale matatu yalichimbwa na wanawe.

Nikawasomea na ile hesabu ya safari 650.

Kuna jambo sikuliandika mwanzoni. Dada yangu ameolewa ng'ambo ya mto, na upande wao hakuna tuta, kuna kingo tu ambazo mto umejijengea. Tungepandisha letu nusu mita, maji yale yangekwenda kwake. Nililisema kikaoni, na wako wengine watatu wenye ndugu huko, nao wakasema. Sidhani kama tungelifikiria kama tungekuwa tumekimbilia greda.

Tumekubaliana trekta la kukodi lichote udongo mwekundu kwenye mwinuko wa nyuma ya shule, mwenye eneo amekubali. Wana wa yule mzee wamesema watafukua na kujaza mashimo yao bila malipo, na wamepewa sehemu nyingine ya kufyatulia matofali, mbali, kwenye kichuguu cha zamani cha mchwa. Jembe na Ng'ombe alikuja kweli na wazee wake. Kivuko kitakuwa pale pale palipobonyea.

---

MamaShamba, Kilosa
3 Oktoba

Mashimo matatu yamejaa. Safari 31, siyo 27, kwa sababu shimo la tatu lilikuwa na kina zaidi ya tulivyodhani, na chini yake tulikuta mchanga mtupu. Mzee Fundi, hapo kifuniko kilikuwa kimekwisha kabisa. Tulichimba pembeni kidogo mpaka tukapata mfinyanzi ndipo tukaanza kujaza, sijui kama tumefanya sawa.

Mkuyu ulituchukua siku nne. Mzizi mmoja ulikuwa umetoboa mpaka upande wa pili, mnene kama paja, ndani umekuwa unga. Tulipoutoa tuliona mwanga wa mtoni. Wanawake wawili walianza kulia pale pale, wote wawili walipoteza nyumba 2009.

Pesa imebaki 640,000. Bega la ubavu uliolowa tumeanza kuliandaa, mchanga na kokoto vimeshaletwa, udongo umeletwa nusu. Nina swali moja tu limebaki: kati ya mchanga na kokoto, cha kutangulia kugusa tuta ni kipi? Vijana wanataka kuanza na kokoto kwa sababu ziko karibu.

---

FundiMatuta
3 Oktoba

Mchanga kwanza, mama. Mchanga ndio unaoshika udongo wa tuta, kokoto zinashika mchanga. Mkianza na kokoto udongo utapita katikati yake. Kama wameshazimwaga, wazitoe leo, msiache mpaka kesho. Na lile shimo la tatu mmefanya sawa. Nitapanda basi Jumatatu nije nilione.